Jaji Aliyesomea Ustawi wa Jamii

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea historia ya dada, ambaye tangu utotoni tulimwita Jaji, na wengi wenu mlimjua kwa jina hilo hilo hadi kazini. Wapo wakubwa walioniomba sehemu moja niipite kimyakimya ili msiba usizae maneno, nimewasikia kwa heshima zote, lakini nikiiruka nitakuwa nimemzika dada nusu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1974, katika zahanati ya reli, kwa kuwa baba alikuwa karani wa stesheni, naye alikuwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Mwaka 1980 mjomba alifariki, na mwanawe, aliyelingana na Jaji kwa umri, akaletwa kulelewa kwetu, na kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, mama akampa jina la Kasuku. Wawili hao waliugua surua pamoja, wakapona pamoja, na mama aliwatambulisha kwa wageni kama pacha wake. Ugomvi ukizuka uani, Jaji alipanda juu ya kigoda cha jikoni, Kasuku akamtetea mkosaji, nasi tukasubiri hukumu, ambayo mara nyingi ilikuwa kuosha vyombo.

Kuhusu elimu, alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, kisha sekondari hadi 1994, na mwaka 1995 yeye na Kasuku wote wawili walipata nafasi ya kusomea sheria, kwa sababu wote walitaka kuwatetea watoto wasio na wa kuwasemea. Nilikuwepo mezani, nachambua mchele, Kasuku alipomwambia kwamba mawakili wawili katika nyumba moja ni wengi, kwamba lazima mmoja awe wa kwenda kuona mtoto analala wapi na anakula nini, kwamba watu humfungukia Jaji kwa urahisi, basi yeye asomee ustawi wa jamii, alete ukweli, na Kasuku atausimamia mahakamani. Baba alipinga, akauliza mtu mwenye akili timamu anaiachaje sheria, lakini dada alimwamini pacha wake, akabadili kozi. Niseme pia kwamba hakuwahi kuiona kazi yake kuwa ndogo, aliipenda kwa moyo wote.

Alihitimu mwaka 1998, na tarehe 1 Machi 1999 aliajiriwa kuwa afisa ustawi wa jamii, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la rangi, chenye dirisha lisilofunguka, na Kasuku akafungua ofisi yake ya uwakili upande wa pili wa barabara. Tarehe 12 Aprili 2003 alifunga ndoa na mpima ardhi ambaye leo ni mjane wake, Kasuku akiwa msimamizi wao, na wakajaliwa binti na mvulana.

Sasa nafika pale nilipoombwa nipapite. Mwaka 2011 marehemu alikagua kituo kimoja cha kulelea watoto, akakuta wanalala sakafuni, mlango umefungwa kwa kufuli kutoka nje, migongoni wana alama za mkanda, akaiomba mahakama iwaondoe. Mwenye kituo, mtu mwenye uwezo wake, alitafuta wakili, na tarehe 22 Septemba dada alipopanda kizimbani kutoa ushahidi ndipo alipojua wakili huyo ni nani, maana Kasuku alisimama, akaweka sawa joho lake, akamuuliza, "Shahidi, una shahada ya sheria?" Dada akajibu hana. "Basi unaifundisha mahakama hii haki za watoto kwa elimu ipi?" Watu wakacheka. Ndugu zangu, aliyemtoa dada kwenye sheria ndiye aliyemuuliza mbele za watu kwa nini hakuisoma. Ushahidi wake ukawekwa kando, watoto wakarudishwa kituoni mchana ule ule, na dada akabaki kwenye ngazi za mahakama akiangalia mtoto wa miaka tisa akimpungia mkono kutoka dirisha la gari. Jumapili Kasuku alikuja nyumbani, akasema ilikuwa kazi tu, na mama, aliyemlea, hakumpa kiti. Kituo kile kilifungwa baada ya miaka miwili, baada ya mtoto kuumizwa vibaya.

Mwaka 2017, akiwa na miaka arobaini na tatu, Jaji alijiandikisha kusomea sheria jioni, akikaa darasani na vijana aliowazidi umri mara mbili, na alipoulizwa kulikoni, alisema anataka siku akiulizwa tena ajibu, ninayo. Mwezi Agosti 2020 aligundulika kuwa na saratani ya ini, na tarehe 3 Februari 2021 alfajiri akafariki dunia, akiwa amebakiza muhula mmoja. Kabla ya hapo Kasuku aliomba kumwona wodini, dada akamkubalia, akamuuliza jambo moja tu, kwamba siku ile mezani, alikuwa anamaanisha? Kasuku, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, akaweka sawa shuka la kitanda, akaondoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia na kulala nasi, wafanyakazi wenzake wa juu ya duka la rangi, na yule mtoto wa kwenye gari, ambaye sasa ni binti mkubwa na fundi cherehani, aliyeshona nguo aliyovaa marehemu leo. Kasuku, umeketi pale karibu na mlango, tunakushukuru pia kwa shada kubwa kuliko yote. Utepe ulioandikwa "Kwa pacha wangu" tumeufungua, utaukuta nyuma ya kiti chako, maua tumeyaacha, maua hayana kosa.

Dada yetu, Jaji wetu, shuka kigodani sasa, pumzika kwa amani.