Mguu wa Tindo na Mkwe Mfuga Vijidudu

Benchi lenyewe ni ubao wa jukwaa la waashi uliolazwa juu ya matofali mbele ya duka la dobi, na ukikaa vibaya msumari unakukumbusha adabu. Jumamosi hii Tindo, muashi mstaafu, alifika wa kwanza, kwa miguu yake miwili. Ndiyo, miwili! Miezi mitatu nyuma madaktari walishapanga kuukata wa kulia, maana kidonda kilikula hadi mfupani na dawa zote ziligonga mwamba. Ikaja dawa mpya ya majaribio, na jana daktari kamwambia mfupa umepona. Sasa sikia: dawa hiyo imetoka maabara ya vijidudu anakofanya kazi mkwe wake, mke wa mwanawe, yule yule ambaye kwa miaka tisa Tindo alimwita mfuga uchafu mbele za watu. Leo atapita hapa kwenda kumwona mama mkwe. Tindo alitaka kumshukuru, ila maneno hana. Alikunywa kahawa kikombe cha tatu na bado hayajamjia.

— Hebu rudia, alisema Dobi akipuliza makaa ya pasi. Dawa inatoka udongoni?

— Kuna bakteria wa udongoni, alisema Tindo. Anaijenga dawa mwilini mwake, hatua kwa hatua. Ndani yake mna vimeng'enya, kama mafundi kwenye jengo. Huyu anaweka msingi, yule anapandisha ukuta. Mmoja kazi yake ni kuchukua klorini kwenye chumvi na kuibandika kwenye dawa. Ndivyo alivyonieleza mwanangu.

— Klorini! Si ndiyo hii natolea madoa?

— Ndiyo hiyo hiyo. Basi mkwe wangu na wenzake wakamhamisha fundi huyo, wakampa bakteria mwingine. Akabandika klorini mahali isipowahi kubandikwa. Dawa ikageuka sura, wale wadudu wa mguuni mwangu, waliokwisha kuizoea ile ya zamani, wasiitambue. Wakafa kibudu.

— Wahenga hawakukosea, alidakia Redio, fundi wa redio ambaye yeye mwenyewe hana swichi ya kuzimia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndiyo maana vijidudu vinakaa chini!

— Hiyo methali umeitoa wapi na umeipeleka wapi? aliuliza Tindo.

— Imefika. Sikiliza, kama wanabandika klorini, kesho watabandika sukari. Unachota udongo, unatia maji moto, chai tayari.

— Mimi naona mbali zaidi, alisema Dobi. Mguu wa Tindo si umejaa klorini sasa? Akikanyaga dimbwi, maji yanakuwa safi.

— Wallahi umenena! Redio alisimama kabisa. Wamtie kwenye tangi la mji! Anakaa humo asubuhi hadi jioni, mtaa mzima unakunywa maji salama. Maji yakimwagika hayazoleki!

— Niwekeni na kiti humo ndani, alisema Tindo, na kicheko kikamponyoka. Mungu awape umri mrefu watu hawa, aliwaza. Walimtembelea hospitali kila juma na upuuzi wao.

Hapo ndipo mkwe alipotokea, mkoba begani.

— Shikamoo, baba. Shikamooni, wazee.

— Marahaba! Njoo utuamulie, alisema Redio. Baba yako anafaa tangi la lita ngapi?

Wakammwagia yote, la chai na la dimbwi, kila mmoja akimkata mwenzake kauli. Binti alicheka hadi akafuta macho. Kisha akamgeukia Tindo.

— Na mguu, baba, bado unauma?

Dobi akamtazama Redio, Redio akatazama viatu vyake. Tangu asubuhi walikuwa wameujadili mguu ule kama mali ya umma, na hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Tindo alifungua kinywa. Machozi yakamtangulia, muashi mzima, mchana kweupe.

— Hauumi, alisema mwishowe. Hauumi hata chembe, mwanangu. Nami nilikuita mfuga uchafu. Nilikuumiza, nisamehe.

— Yamekwisha, baba. Hata hivyo sikuwa peke yangu. Tulikuwa watu kumi na wanane.

— Hao kumi na saba wafikishie salamu zangu, mmoja mmoja. Wewe nakwambia mwenyewe, ana kwa ana. Ahsante.

Binti aliushika mkono wa baba mkwe kwa mikono yake yote miwili, na Redio akasogea kwenye msumari ili binti apate pa kukaa.