Kwaheri Isiyoitikiwa Lusahunga

Saa tatu asubuhi Jumanne, geti la yadi ya malori Lusahunga liligoma tena kufunguka. Geti hilo linaendeshwa na seva iliyo ofisini, kwa programu aliyoiandika Irine, binti kutoka kijiji cha Bukiriro. Danstan, mwenye yadi, alimpa hadi saa sita mchana: geti litulie, la sivyo aondoke na programu yake. Irine alihamia na laptop kwenye benchi la kahawa mkabala na geti. Hapo alimkuta Mzee Bartholomayo, dereva mstaafu aitwaye Breki, na Gaudence muuza vocha, aitwaye Mnara.

Irine: Shikamoo, Mzee Breki.

Breki: Marahaba, mwanangu. Limekufa?

Irine: Halijafa. Soketi zimejaa.

Mnara: Za umeme?

Irine: Za mtandao. Kifaa cha getini kikitaka kuongea na seva, kinafunguliwa njia. Vikimaliza, njia ifungwe. Hizi hazifungwi. Zikijaa, seva haipokei kifaa kingine.

Mnara: Zima, washa.

Irine: Nimefanya hivyo. Linakwenda kidogo, linagoma.

Mnara: Basi mnara umechoka. Kila dereva hapa anaangalia video.

Breki: Mnara haujambo. Mtandao umefuata malori, umekwama forodhani Rusumo, mpakani. Hauna pasi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Mnara: Methali hiyo inaingiaje hapo?

Breki: Kwa nguvu.

Mnara: Mimi naona seva ioshwe. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

Irine: Iguse uone nitakavyokuosha wewe.

Idefonsi, dereva wa lori lenye namba za Burundi lililokwama yadini, alikuja akanywa kahawa amesimama.

Idefonsi: Haya, narudi garini. Kwaherini.

Breki: Nasema forodhani! Niliwahi kuona redio imekataa kuvuka pale.

Mnara: Ilikuwa na betri?

Idefonsi: Jamani, kwaherini.

Breki: Betri ilikuwa na pasi. Redio haikuwa nayo.

Idefonsi: Nimeaga mara mbili, kimya. Kwetu mgeni haondoki mwenyeji hajaitikia. Sasa mimi nimeondoka, au bado nipo?

Breki alimtazama Mnara. Mnara alitazama kikombe. Irine aliinama kwenye laptop, akasoma, kisha akapiga benchi kofi.

Irine: Bado upo, kaka! Tangu asubuhi nakagua vifaa vya getini, kumbe vyenyewe vinaaga vizuri. Seva ndiyo haiitikii, njia zinabaki wazi!

Mnara: Ina kiburi?

Irine: Nimeifunza adabu nusu. Lori la Tanzania inalipitisha, inafunga njia. Lori la nje inalipitisha, inauruka mstari wa programu unaofunga njia.

Breki: La nje? Si nilisema forodhani!

Mnara: Ulisema redio, mzee.

Irine aliuhamisha mstari huo hadi mahali ambapo programu lazima ipite, lori liwe la popote. Akaiwasha seva upya. Lori la Idefonsi lilikuwa la kwanza getini. Geti likafunguka, na kwenye laptop soketi yake ikafungwa. La pili lilikuwa la Rwanda. Ikafungwa. Breki alisimama, akawapungia madereva kama aliyewafungulia yeye.

Breki: Nendeni salama! Forodha imetii!

Mnara: Kaa chini, mzee, umemwaga kahawa yangu.

Saa sita mchana Danstan alitoka ofisini, akatazama geti kwa muda, akamwambia Irine kesho awahi kazini. Malori yalikuwa yanapita.