Mikono ya Lennart Sorvari

Mimi ndiye niliyemfundisha Lennart Sorvari kila anachojua kuhusu treni ndogo za mfano. Basi, si kweli. Nilimwonyesha birika la kahawa linakokaa. Mengine yote alinifundisha yeye, na nusu nimeyasahau. Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika karakana ya duka letu hapa Duluth.

Wateja walimletea vichwa vya treni vyenye urefu wa kidole. Humo ndani, ambamo hata punje ya mchele ingebanwa, alipenyeza kisimbuzi cha kupokea amri, spika, na vikapasita vya kutunza akiba ya umeme ili kichwa kisizimike kikikuta reli chafu. Kazi haikutoka mezani kwake mpaka kichwa kipite juu ya karatasi iliyotandazwa kwenye reli kukata umeme, taa isipepese. Mimi aliwahi kunirudishia kichwa kimoja mara nne kwa siku moja. Mara ya nne alikibandikia kadi ya pole.

Februari, Bi Ardis Halvorsen alileta kichwa cha marehemu mumewe. Alitaka kikimbie kwenye reli za klabu ya wapenzi wa treni siku ya kumkumbuka. Kilikuwa cha zamani, cha aina ambayo mota hugusana na reli, na lazima uvitenge kwanza, la sivyo kisimbuzi kinaungua. Lennart alivitenga vizuri. Kisha, akiunga waya wa mwisho, mkono ukamtetemeka, tone la risasi ya kulehemu likaviunganisha tena, naye hakuliona. Alipowasha umeme, kisimbuzi kikafuka moshi. Kabla ya hapo hakuwahi kuunguza hata kimoja.

Akanisogezea pasi ya kulehemu.

“Shika wewe, Clem. Mimi nitakuwa nakwambia.”

Siku tatu alinielekeza kwa mdomo, mikono ameikalia. Nikiharakisha, alisema, “Taratibu, babu we, hapa hatulehemu meli ya madini.” Kichwa kilivuka karatasi bila kupepesa. Bi Ardis alikikumbatia kama kifaranga, akamshukuru Lennart. Lennart akamwambia amshukuru Clem. Kisha akaenda kwenye sinki, akaosha vikombe vilivyokuwa safi, muda mrefu sana. Kesho yake akapeleka barua ya kustaafu.

Lennart, asante kwa uvumilivu wako na kwa kila kichwa kinachokimbia mjini humu. Tunakuombea siku tulivu, samaki wakubwa, na kahawa nzuri kuliko yetu.

Ila kuna deni. Ile Jumamosi uliyokwenda kuvua kwenye barafu, nilimwambia bosi una homa. Sasa anajua. Nilipe kwa Jumamosi moja tu: njoo ukae kwenye kigoda kando yangu, mikono mfukoni, unifokee. Kutakuwa kimya mno hapa.