Mzunguko Mmoja Juu ya Bati

Sogezeni mkeka, wanangu, kaeni upande wa sikio la kulia, maana la kushoto nililiacha kwenye injini siku nyingi, na atakayetaka kunijibu aseme kwa sauti, asininong'oneze kama vile nimeshakufa. Lea, wewe ndiye mkubwa, kaa hapa kichwani kwangu. Hezekia, kaa pale nikuone uso. Verdiana, mke wangu, acha jiko hilo kwanza, njoo ukae na watoto wako. Na hiyo nafasi kati ya Hezekia na ukuta iacheni wazi, asikae mtu, hiyo ni ya Yeremia. Nilisema sitafungua mdomo mpaka mtoto wangu wa mwisho awepo, na nimemngoja tangu asubuhi, ila naona pumzi yenyewe inanikimbia, basi nitaanza, yeye atanikuta njiani.

Ninalolitaka ni moja tu, wala si siri. Nataka Yeremia aingie kwa mlango ule, anishike mkono huu, aape mbele ya mama yake kwamba anaacha urubani. Nikishalisikia hilo, mnaweza kwenda kumwita padre.

Majirani hamkuwepo jana, basi sikieni. Mtoto kaja likizo kumuuguza baba yake, hata begi hajalifungua, mara stesheni masta huyo, kaja mbio, simu imepigwa kutoka Dar es Salaam, Bwana Oswald, mwenye kampuni ya ndege, anamtaka Morogoro, ndege ipo, kuna wageni wakubwa wa kupeleka Mikumi wakaone tembo. Mtoto kaenda stesheni kujibu simu, kasema baba yangu yuko mahututi. Oswald kamwuliza, kwani wewe ni daktari? Loo! Mtu nimemrusha angani huyo tangu kampuni yake haina hata kibanda cha kuwekea mafuta, na mwanangu anaulizwa kama ni daktari. Basi kapanda basi, kaondoka. Lakini kabla hajatoka aliniinamia hapa, akaniambia, "Baba, nikishawashusha Mikumi nakuja na ndege yenyewe. Sikiliza juu ya bati. Nikizunguka mara moja, natua."

Hilo la kuzunguka, hawa wanangu wamelala nalo na kuamka nalo. Nilianza mimi, mama yenu akiwa bado mwari. Nikitoka safari napita juu ya nyumba yangu hii hii, mzunguko mmoja, maana yake nimefika, natua uwanjani, Verdiana bandika sufuria. Nikizunguka mara mbili, maana yake abiria wameamua kuendelea mbele, msinisubiri, kuleni mlale. Hakuna cha tatu. Kilosa nzima walijua. Wanawake wa sokoni walimwambia mke wangu, shoga, leo mbili, unga wako uhifadhi. Wakacheka, naye akacheka nao, kisha akarudi ndani, anayoyajua ni yeye. Unatikisa kichwa nini, Verdiana? Si kweli? Zilikuwa mbili nyingi kuliko moja.

Na mimi ndiye niliyemroga mtoto kwa mzunguko ule. Wenzake walikimbilia mpira, yeye alikimbilia uwanjani kulishika bawa likiwa bado la moto. Aliiona ndege inakuja, hakuniona mimi ninavyokaa nayo.

Sasa niwaambie inavyokaliwa, kwa sababu ninyi mnadhani rubani kazi yake ni kuruka. Kuruka ni kidogo sana, jamani. Kazi ya rubani wa ndege ya kukodi ni kusubiri. Unawatua watu asubuhi, wanakwambia subiri, tunarudi sasa hivi, wanakwenda. Jua linapanda, ndani ya ndege hakukaliki, unatoka unalala chini ya bawa. Hujui watarudi saa ngapi, na wakirudi wakukute umesimama, shati limechomekwa. Chakula ni mabaki ya vikapu vyao. Pale Mikumi unapita kwanza chini chini juu ya uwanja uwafukuze nyumbu, ndipo utue, na ukishatua unakata miiba unazungushia magurudumu, maana fisi wa pale wanakula mpira wa tairi, na asubuhi ukikuta tairi limeliwa, aliyekosa si fisi, ni wewe. Nimelala ndani ya ile ndege magoti yakiwa kidevuni, simba wananguruma huko, wageni wako hotelini wananipungia taa. Kwa Oswald saa za kusubiri hazikuwa saa. Alihesabu zile tu ambazo pangaboi linazunguka.

Na maji hunywi. Hapo ndipo ugonjwa huu ulipoanzia, muelewe, msije mkaenda kumtafuta mchawi. Huwezi kunywa maji kisha ukamwambia mheshimiwa nyuma yako kwamba unataka kwenda haja ndogo, na chini ni milima ya Rubeho. Basi tulikaa na kiu, maisha yote, tukijisifu kwamba tumezoea. Daktari kaniuliza, mzee, kwa siku unakunywa maji kiasi gani? Nikacheka mpaka nikakohoa. Figo zote mbili, anasema, zimekwisha. Yeremia naye kaja juzi, mama yake kamwekea maji mezani, nikamwona analowesha midomo tu, glasi anairudisha. Nikageukia ukuta huu nikalia, Lea aliniona.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba tulitegemea mambo yatabadilika. Baba yangu mimi alikata mkonge Kimamba mpaka vidole vikakauka. Mgiriki mwenye shamba alikuwa na kindege, mimi nikawa mwoshaji wake, akanizoea, akanifundisha akiwa amelewa na akiwa hajalewa. Siku ananiita kwenda naye ananipigia kidole. Ukaja Uhuru, nikaenda kufanya mtihani Nairobi, nikarudi na karatasi yangu, watu wa Kilosa wakajaa uwanjani kumwona mtu mweusi anashika usukani wa ndege, akina mama wanapiga vigelegele, nikasema basi, kusubiri kumekwisha, sasa nawabeba watu wangu. Na kweli niliwabeba. Mgiriki alikuwa akisema boi, subiri. Hawa viongozi wetu wakashuka wakiwa na suti za Ujamaa, wananishika bega, wananiambia, "Ndugu, subiri hapo kidogo." Wakaenda kula. Ndugu akalala chini ya bawa. Nilitukanwa sana na Mgiriki wala halikunikaa moyoni, lakini lile neno ndugu, hadi leo mtu akiniita hivyo namtazama mikono kama ameshika kikapu.

Cleopa, mdogo wangu, naiona miguu yako hapo mlangoni. Ingia. Umekuja, umekuja, usijifanye unapita. Watu wote hapa wanajua hatusemeshani tangu mama azikwe. Mimi mzaliwa wa kwanza, udongo wa kwanza ulikuwa wangu kuutia, nikawa Mikumi, nimewasubiri watu wanaomtafuta chui, na habari nimeipata, na ndege ninayo, na ufunguo ninao mfukoni, na siwezi kuondoka kwa sababu wakirudi wasiponikuta watalala porini. Nikaja kesho yake nikakuta kaburi limeshasawazishwa. Ukanifungia mlango. Sikuombi radhi, Cleopa, sikufanya kosa, ningefanya nini? Nimekuita kwa jambo lingine. Ikiwa nitazikwa Yeremia hayupo, udongo wake autie Hezekia kwa niaba yake, na mtu yeyote asimhesabie kosa. Ukimnunia mwanangu kama ulivyoninunia mimi, nitakudai mbele ya Mungu. Umesikia? Sema kwa sauti. Haya. Ahsante. Kaa basi, mbona umesimama kama askari?

Mali. Mali ni ndogo, tusipoteze pumzi. Shamba la Tindiga ni la ukoo wa mama yenu, si langu kuligawa, na tangu watu wahamishiwe kijijini limeingia ndani ya shamba la kijiji, hata Hezekia anayelima pale hajui tena jaruba la bibi yake lilianzia wapi. Nyumba hii ni ya Verdiana, asihamishwe na mtu, awe mtoto, awe balozi wa nyumba kumi. Lea, muuguzi wetu, achukue saa yangu, ya kuwapimia wagonjwa wake saa za dawa. Hezekia achukue koti la ngozi, shambani asubuhi kuna baridi. Na vile vya masikioni, vya kusikilizia redio ya ndege, vilivyomo kwenye kasha, nilitaka kumpa Yeremia. Sasa nasema hapana. Vitieni kaburini pamoja nami.

Najua mnachofikiria. Mnafikiria, aache kazi aende wapi? Hezekia, jana uliniuliza hilo. Sikiliza, mwanangu. Mkonge umekufa. Huko Ruaha miwa ni jasho la watu wengine. Jembe halijui, na mshahara wa Oswald ndio unaonunua hizi dawa zisizonisaidia. Nimefikiria usiku na mchana, sikuona mlango. Bado nataka aache. Ni heri nimwone hapa ana njaa, ana kelele, anagombana na mkewe, kuliko huko juu peke yake anabanwa na mkojo, kisha akifika miaka yangu hii alale kwenye kitanda kama hiki. Siwezi kusema zaidi, nipeni maji. Hapana, ya kulowesha tu midomo... Ona sasa.

Verdiana. Ulikula peke yako miaka mingi. Uliwalea hawa kama mjane na mimi nikiwa hai, kwa hiyo ujane huu hautakushtua, lakini naumia, mke wangu. Naumia sana.

Sogeeni niwaweke mkono. Mungu awape kazi inayowarudisha nyumbani jioni. Awape maji na nafasi ya kuyanywa. Lea, Hezekia, na huyo asiyekuwepo, mkono huu nauweka hapa kwenye mkeka mtupu, wake ni huu, mwambieni ulikuwa wa moto... Mpendane. Msisubirishane.

Nyamazeni.

Ni yeye? Lea, ni yeye? Mimi sisikii, lakini bati limetetemeka, kitanda nakisikia mgongoni. Ni yeye! Mwanangu kaja. Verdiana, bandika... ngoja. Nyamazeni kwanza.

Bilauri hiyo hapo kwenye kigoda, maji yake yametikisika. Yakatulia.

Yametikisika tena.

Lea, amezunguka mara ngapi? Sema kwa sauti, mwanangu.

Mara moja?

Hezekia, na wewe unasema moja. Cleopa naye. Wote moja... Haya. Ninyi ndio wenye masikio. Ni moja. Verdiana, usilie, bandika sufuria, mtoto anatua.

Lea, lete sikio. Karibu zaidi. Akija, kesho, keshokutwa, watakapomwachia... mwambieni baba alihesabu moja. Mwambieni alifurahi. Asije akajua kwamba... mwambieni moja.

Iacheni wazi ile nafasi. Mimi nipo... kusubiri naweza. Ndiyo kazi yangu.