Mama, Msomaji wa Meno ya Viluwiluwi

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 1958 mkunga alisikia kilio kimoja kirefu, na mama yetu akawa amezaliwa, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkewe. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza sekondari 1976, akasomea elimu ya viumbe chuoni, na mwezi Agosti 1981 akaajiriwa maabara ya maji, chumba cha mwisho koridoni, ambako mpaka anastaafu kazi yake ilikuwa kutambua viluwiluwi wa usubi wasiouma wanaoishi vijitoni, akiwalaza chini ya hadubini na kusoma meno yao, hata majirani wakamwita Mama Viluwiluwi, naye akaitika.

Tarehe 12 Mei 1984 alifunga ndoa na baba yetu, fundi bomba, kaka wa mwenzake wa meza moja pale maabara, ambaye ndiye shangazi yetu, na baba alipenda kuwatania wageni kwamba alikubaliwa kwa sababu ya maji tu. Walijaliwa watoto watatu, mimi nikiwa kitinda mimba.

Mwaka 1999 mama alitangaza aina mbili mpya za usubi kutoka kijito kimoja, viluwiluwi wa aina ya kwanza wakiwa na meno makali, wa pili butu, na shangazi akasimama mbele ya mkutano mzima akasema hao ni aina moja, ila hao wa pili wamelika meno kwa kukwangua mawe. Tangu siku hiyo wawili hawa, waliokuwa wakila sahani moja, hawakuitana tena wifi, mama akimwambia baba "huyo dada yako", na baba akala chakula cha Jumapili mara mbili, kwa mkewe na kwa dada yake, akanenepa kwa ugomvi usio wake.

Machi 2023 mama aligundulika na saratani ya ini. Shangazi alimwomba baba amtengenezee mfereji mdogo wa maji yanayokimbia, kwa kuwa viluwiluwi hawa hufa kwenye maji yaliyotuama, akamlea humo mmoja mwenye meno butu mpaka akajivua ngozi pamoja na meno yake, na tarehe 2 Juni akaingia wodini amekumbatia hadubini. Mama aliitazama ngozi iliyovuliwa, meno butu, akamtazama kiluwiluwi mwenyewe, meno makali kama msumeno mpya, akasema, "Ni aina moja, wifi, mbona umekawia hivi?" Shangazi alilia, hakuweza kujibu. Mama alifariki tarehe 5 Juni, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia hadubini juu ya meza ya dawa, majirani waliokesha nasi, na wafanyakazi wa maabara, ambao tayari wamebadilisha vibandiko vya chupa zake kama alivyoagiza. Shangazi ameniomba nimsomee jibu lake, kwa kuwa sauti imemkauka: nilikuwa nakuogopa tu, pumzika kwa amani, wifi yangu.