Maini ya Wachinjaji Niliyala Mimi

Assalamu alaykum, mama zangu na dada zangu. Na nyinyi mnaosali Jumapili, Bwana asifiwe, kaeni mstarehe, sote hapa tunanuka moshi mmoja. Waume mliokuja kusikiliza, karibuni, viti vya nyuma vipo. Mwenyekiti wetu ameniomba nishuhudie kwa upole. Nimemwambia nitajaribu. Sikumwahidi.

Simtaji mtu kwa jina leo. Atakayejiona ndani ya maneno yangu, ajione mwenyewe na anyamaze.

Mnanijua. Kikundi hiki cha kupika harusini nilikiingia nikiwa mke mpya kule Mkongani, na kazi mliyonipa ni kikaango. Harusi yoyote tuliyopika, iwe Kinango au Msambweni, ng'ombe huchinjwa alfajiri, na kabla hajamalizwa kuchunwa sinia inaletwa kwangu: ini, figo na moyo, bado vina joto. Ini nalivua ile ngozi yake nyembamba, nakata vipande vya kidole, natia kitunguu thomu, tangawizi na pilipili manga, chumvi mwisho. Moto mkali, na usigeuke kupiga soga, maana ukizidisha kidogo tu ini linakuwa soli ya kandambili. Halafu sinia inafunikwa kawa, inapelekwa kwa wachinjaji na mikate yao, na kisahani kwa wazee wa bwana harusi.

Na sisi tuliokesha tukipepeta mchele? Chai ya rangi na mahamri. Hata chumvi nilikuwa naionja kwa kudondosha mchuzi kiganjani na kuramba. Kipande cha ini hakijagusa ulimi wangu miaka yote hiyo, wala sikuona ajabu. Tuliambiwa mwanamke akila maini, au firigisi ya kuku, hujaa ujeuri, hamsikii mume. Na nyinyi mliotoka bara mnacheka nini? Kwenu firigisi alikuwa anakula nani? Haya, tulieni basi.

Ndugu zangu, nawaambia, ugonjwa haukunijia kwa kishindo. Ulianza na siku zangu. Waume msiinamishe vichwa, hamkuokotwa kwenye mti, mlizaliwa na wanawake. Siku zangu zikawa nyingi na damu ikawa nyingi, mwezi huu kuliko uliopita. Nikawa napanda kutoka kisimani na ndoo moja, natua njiani mara mbili, moyo unapiga mpaka masikioni. Nikaanza kula udongo. Nilikuwa naununua Ukunda, nauficha kwenye mkunjo wa leso, natafuna kama watu wanavyotafuna njugu. Viganja vyangu vikapauka. Kuna aliyesema nimerogwa. Kuna aliyesema nina pepo anataka ngoma. Mama mkwe wangu alisema ni uvivu, na yeye angalau alinambia usoni.

Siku ile ya harusi ya Msambweni mlikuwapo. Nilikuwa nimesimama mbele ya karai, mafuta yamechemka, maini yako mkononi. Nikaona moshi umekuwa mweusi, nikasikia mtu anapiga ukelele, na nilipofumbua macho nilikuwa kwenye kitanda cha hospitali. Aliyenidaka nisiangukie mafuta yupo hapa ndani. Wewe dada, Mungu akulipe, nitakurudia.

Daktari alisema nina uvimbe kwenye kizazi, ndio unaonimwagisha damu, na dawa yake ni kupasuliwa. Lakini damu yangu kwenye kipimo ilikuwa sita. Akasema wazi, kwa damu hii nikikupasua utanifia mezani, nataka ifike kumi. Nikatiwa chupa moja ya damu, nyingine haikupatikana. Nikapewa vidonge na nikaambiwa nikajenge damu nyumbani, tena nifanye haraka, kwa sababu uvimbe hausubiri na kila mwezi unaopita unanipunguza tena. Niliwaza mtoto wangu wa kike, wakati huo alikuwa hata kufunga ushungi wake wa chuo cha Kurani hajui vizuri.

Kabla sijatoka akaja muuguzi, binti mdogo kutoka bara, anayewafundisha wagonjwa habari za chakula. Akaniuliza, "Mama, wewe hufanya kazi gani?"

Nikamwambia, "Nakaanga maini harusini."

Akaweka kalamu chini. "Aki, mama! Na wewe hukula?"

"Mimi? Maini ni ya waume."

Yule binti alicheka, kisha akaacha kucheka, akanishika mkono akaugeuza kiganja. Hakunikemea. Akanieleza pole pole, nami nawapa kama nilivyopewa. Damu inataka madini ya chuma. Yako kwenye mchicha na kunde pia, lakini huko mwili unayachomoa kwa taabu. Kwenye ini, bandama, figo na moyo unayapata upesi. Na ini lina vitamini za kutengeneza damu, moja yao huipati kabisa kwenye mboga, na lina ile ya macho na ngozi. Kamulia ndimu, inasaidia. Chai usinywe pamoja na chakula, inazuia, ngoja kwanza kishuke. Na usile kila siku: mara moja au mbili kwa wiki inatosha, kwa sababu hiyo vitamini ya macho ikizidi mwilini inadhuru. Mwenye mimba aulize kliniki kabla hajala. Na vidonge endelea navyo. Mmesikia? Endelea navyo. Najua kesho kuna mtu atapita Ukunda nzima akisema nimewaambia mtupe dawa.

Nikarudi nyumbani na hayo maneno. Ijumaa hiyo mbuzi akachinjwa kwetu, kulikuwa na hitima ya ba mkwe. Nikamwendea mama mkwe kwa adabu zangu zote, nikapiga goti.

"Mama, hospitali wamenambia nile ini. Naomba kipande."

Akanitazama. "Ini la hitima ya mume wangu, ule wewe?"

"Kipande tu, mama. Damu yangu ni ndogo."

"Mimi nimezaa wanane na sikuwahi kuligusa. Damu yangu ilikuwa maji?"

Nikaondoka. Niliona uchungu, siwafichi, nililia nyuma ya choo mpaka kope zikavimba. Ningeweza kununua mwenyewe, mtaniambia. Nilinunua. Nyumba yetu ina jiko moja, na mama mkwe ndiye anayepakua. Nikipika mimi, ini linaishia sahani ya shemeji zangu. Kipimo cha pili, pamoja na vidonge vyote vile, damu ilikuwa saba. Daktari akatikisa kichwa, na mimi nikajua natembea nikielekea kaburini, huku kila wiki kuna sinia ya maini inapita mbele ya pua yangu.

Sasa nafika pale mnapopangoja nyote.

Ilikuwa harusi ile kubwa ya Diani. Mlinambia nikae tu, nisimamie. Nikakaa kwenye kibao cha kukunia nazi, nikakaanga nimekaa. Mwenye harusi, mama wa bibi harusi, akapita kunijulia hali, akaona midomo yangu ilivyo myeupe. Nikamweleza. Akasema, "Ng'ombe ni wangu, maini ni yangu. Kula, dada." Hayo ameyasema mbele ya watu, na walioyasikia wapo humu. Kwa hiyo yule aliyenitangaza kuwa nimeiba, leo alimeze neno lake.

Nikapakua sahani. Nikakamua ndimu. Sikujificha nyuma ya magunia ya mchele, sikujifunika leso. Nilikaa palepale, wachinjaji wananitazama, na nikala maini. Nikala taratibu kama mtu aliye kwao. Mmoja wa wachinjaji akauliza, "Huyu anakula chakula cha nani?" Nikamwambia, "Changu. Nimekikaanga tangu kabla hujajua kushika kisu." Nikamaliza, nikaosha sahani, nikarudi kwenye karai nikakaanga yaliyobaki, na wakayala bila kulalamika chumvi.

Mkanifukuza. Msinitazame hivyo, mlinifukuza. Mkasema nimeaibisha kikundi, watu hawatatuita tena. Mkaniagiza nirudishe aproni. Niliirudisha imefuliwa na imepigwa pasi.

Mume wangu anatunza bustani kwenye hoteli, huja nyumbani Ijumaa hadi Ijumaa. Habari zilimfika kabla ya mimi. Akapiga simu. "Mama watoto, umeniaibisha mbele za watu."

Nikamwambia, "Baba watoto, una mawili. Mke mwenye aibu, au mke mwenye sanda. Ukishachagua nipigie." Nikakata simu. Sikuwahi kumkatia simu mume wangu tangu anipose.

Hakupiga. Ijumaa ilipofika, baada ya sala, nikaona mtu anaingia uani na furushi la majani ya mgomba. Alikuwa ametoka alfajiri kwenda Kinango kwenye mnada wa mifugo, akarudi na ini, figo na bandama nzima. Akaliweka mbele yangu jikoni. Hakusema habari ya simu. Akasema tu, "Nielekeze, nikate vipi?"

Mama mkwe akasimama mlangoni. "Bandama! Ile ni damu tupu! Mwataka kulishana haramu ndani ya nyumba yangu?"

Mume wangu akasimama, akamjibu kwa heshima. "Shikamoo, mama. Nimemuuliza mwalimu msikitini leo. Ini na bandama ni halali, hata kama ni damu. Hilo halina mzozo." Kisha akaketi tena na kisu chake, anakata vipande vikubwa vikubwa visivyo na mpango, na mimi nikamwacha akate.

Tangu siku hiyo sahani yangu alikuwa anaipakua yeye akiwapo, na asipokuwapo napakua mwenyewe, na mama mkwe anageuza uso. Na vidonge nilimeza, na chai nikaisogeza mbali na chakula. Damu ikafika nane. Ikafika tisa. Udongo nikausahau, siku moja nilikunjua leso nikaukuta umegeuka vumbi, nikaukung'uta. Siku niliyoambiwa kumi na ushei nilimkumbatia yule muuguzi mpaka kofia yake ikaanguka. Nikapasuliwa, uvimbe ukatolewa, na ndiye mimi huyu nimesimama tangu mlipomaliza dua na sijatafuta kiti.

Wachache hamlijui hili: nilipotoka hospitali nimelala chali, siwezi hata kugeuka, aliyeniletea supu ya moyo na figo ni mama mkwe wangu. Akanilisha kwa kijiko. Nikamwambia, "Mama, onja na wewe." Akasema hana njaa. Lakini alipokuwa anatoka nilimwona amesimama nyuma ya pazia, anakwangua chini ya bakuli. Hajaniomba radhi na mimi sijaomba. Tunaishi vizuri.

Basi nishukuru. Mwenyezi Mungu kwanza. Yule binti wa bara, popote alipo, asipungukiwe. Mwenye harusi wa Diani, aliyeona midomo yangu kabla ya kuona sahani yangu. Mume wangu, aliyetoka kwenye aibu kwa miguu yake mwenyewe akapita mnadani. Na wewe dada uliyenidaka kwenye karai, ukanifuata nyumbani kwa njia ya nyuma na figo kwenye kikapu wakati wenzako hawanisalimii: nyumba yangu ni yako.

Mmenitumia ujumbe nirudi kikundini, kwa kuwa maini siku hizi yanatoka magumu na watu wanasema. Nitarudi. Lakini sirudi kuomba msamaha, kwa sababu sikukosa. Nitarudi nikikaanga, na sahani ya kwanza itakuwa ya wanawake wa jikoni, kwa ridhaa ya mwenye harusi, tukiwa tumekaa kitako machoni pa watu. Asiyeridhika achukue kikaango. Na nyinyi mama zangu mnaopumua kwa shida, mnaoficha udongo kwenye mkunjo wa leso, nawaona kutoka hapa niliposimama. Nendeni mkapimwe damu kesho, na mkirudi msiombe ruhusa ya kuishi.

Nimalizie na hili. Binti yangu amevunja ungo mwaka huu. Ijumaa iliyopita tulichinja kuku nyumbani, tukakaa mkekani sote, na mama mkwe akiwamo. Mtoto akanyoosha mkono, akachukua firigisi, akaitia mdomoni. Hakumtazama mtu. Hakujua kama kuna la kutazamwa. Mimi nikamtazama babake.

Babake akamsogezea ndimu.