Maman Séraphine na Mashini Iliyompa Kamanda Nne

Jumatano hii, tarehe 2 Julai 2003, Maman Séraphine M'Zagabe anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika sekretarieti ya lise yetu, shule ya sekondari ya wasichana. Aliingia Septemba 1972. Tangu hapo wakuu wa shule wamebadilika, bendera zimebadilika, hata jina la nchi limebadilika, lakini katika daftari la pointi haujawahi kuandika mkono mwingine ila wake.

Kwa wenzetu wapya, nieleze kidogo. Mwalimu husahihisha, lakini pointi ya mwanafunzi haihesabiwi mpaka sekretari aiandike daftarini kwa wino. Hapo ndipo udanganyifu hupenda kuingilia, na hapo ndipo Maman Séraphine alipoweka kiti chake. Pointi ikiwa juu mno, alishuku huruma. Ikiwa chini mno, alishuku chuki. Mwaka 1996, risasi zilipolia mjini, alikimbilia kwao Katana kwa miguu, sufuria kichwani na daftari ndani ya sufuria. Tulimuuliza baadaye kwa nini hakubeba chakula. "Chakula iko inapatikana," akasema. "Pointi ya mwaka muzima utaitoa wapi?"

Mwaka 1999 alifika mwanajeshi mmoja mwenye nyota begani, akitaka asilimia 38 ya binti yake iwe 58. Maman alimpa kiti, akafungua daftari, akamnyooshea kalamu: "Andika weye mwenyewe, Papa, kisha utie sinyatire yako chini." Yule bwana aliitazama kalamu, akakumbuka kwamba ana kazi nyingine.

Mwishoni mwa mwaka jana shirika moja lilitupatia kompyuta sita na antena juu ya paa. Mwalimu Ulrich, wa kemia, akagundua mtandaoni michezo ya kujifunzia: unaandika jina, maswali ishirini yanapita huku saa ikikimbia, na kila jibu la kweli humrusha chura wa kijani jiwe moja mbele mpaka avuke mto. Wasichana waliokuwa wakisinzia kwenye kemia wakaanza kugombea viti. Ulrich akaomba pointi bora ya kila mmoja ihesabiwe kama interro, yaani jaribio la darasani.

Maman Séraphine hakupenda. "Leo ni bure. Nani analipa? Na majina ya watoto inaenda wapi?" Tulimcheka. Lakini katika mji wetu, miaka hii, jina lako likiwa kwenye orodha ambayo humjui anayeishika, si jambo la kuchekwa. Kwa amri yake wanafunzi huandika jina la ubatizo tu, na sasa naona alikuwa na haki.

Februari, Noëlla wa darasa la sita, la mwisho, mtoto wa wakulima wa Mudaka, ambaye hatukuzoea kumwona akipita kumi, alipata ishirini juu ya ishirini katika mchezo huo. Sisi walimu wa zamani tuna msemo kwamba ishirini ni ya Mungu na kumi na tisa ni ya mwalimu. Nimefundisha hesabu miaka ishirini na minane na sijatoa zaidi ya kumi na saba. Nikasimama katika baraza la walimu, nikaomba msichana huyo afukuzwe kwa udanganyifu. Wengi waliniunga mkono. Kufukuzwa mwezi ule kulimaanisha kuukosa mtihani wa taifa, na kwao hapakuwa na njia ya kumlipia mwaka mwingine.

Maman Séraphine akaomba neno. "Mbele ya kuhukumu mutoto, tuhukumu mashini."

Aliketi kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza maishani. Akaandika jina lake, akachagua jibu la kwanza kwa kila swali bila kusoma. Nne. Akaandika "Prefe", akafanya vilevile. Nne tena, na mkuu wetu wa shule akakohoa. Kisha akaandika "Kamanda". Mwalimu mmoja akaenda kufunga mlango. Chura akazama kwenye jiwe lilelile, na Kamanda akapata nne.

"Kumbe haiogopi mutu," akasema Maman.

Halafu akafanya jambo ambalo sisi wasomi hatukulifikiria. Mchezo ule huhifadhi kila jaribio pamoja na saa yake. Sisi tulikuwa tumeangalia mstari wa juu peke yake. Yeye aliomba orodha yote, akaisoma kuanzia chini, kidole kwenye kioo. Noëlla alikuwa amejaribu mara arobaini na tatu, wakati wa mapumziko: tano, saba, sita, tisa, tisa, kumi na moja. "Mwizi anaruka," Maman akatuambia. "Huyu amepanda, sawa mutu wa Kadutu anapanda mulima na muzigo."

Noëlla akaitwa. Nikamuuliza, bado kwa ukali, kwa nini darasani kwangu hainui hata mkono. Alijibu akitazama sakafu: "Mashini hainichekake, Papa Isidore."

Nilikuwa na desturi ya kusoma pointi za chini kwa sauti mbele ya darasa, nikiamini ni fundisho. Maman Séraphine akafungua daftari, akaandika 20, ya kwanza kwa mkono wake, kisha akamwonya Ulrich kwamba mchezo wowote mwingine utapitia kwanza mezani pake.

Noëlla amefanya mtihani wa taifa pamoja na wenzake, na matokeo tunayangoja. Nilimwomba radhi mbele ya darasa lote, kwa sababu nilikuwa nimemshtaki mbele ya watu. Siku hizi karatasi za mtihani nazigawa zikiwa zimekunjwa.

Maman Séraphine, asante kwa kutushuku sote kwa kipimo kimoja, wakubwa kwa wadogo. Nenda Katana, ukalime maharagwe yako bila haraka. Mungu akujalie miaka mingi, magoti yenye nguvu, na usingizi ambao hauamshwi na risasi.